Sura ya Saba: Jino Limeng'olewa, Maumivu Yamebaki

Nyanda za juu za Ufipa zimeinuka kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, na milima ya Mbizi iliyo jirani nao inapanda zaidi ya hapo. Misitu ni michache. Sehemu kubwa ni majani na mashamba ya mahindi, maharage na ulezi. Ndiyo maana kipupwe kikiingia, Juni na Julai, upepo hukatiza huku bila wa kuuzuia. Watu huvaa makoti na kofia za kufunika masikio, na shughuli zinaendelea.

Lakini wamo wachache ambao upepo huo ukiwagusa shavuni, hunyamaza katikati ya neno. Maumivu yamepita usoni mithili ya shoti ya umeme, kutoka karibu na sikio hadi kwenye taya au pembeni mwa pua. Huchukua sekunde chache, mara nyingine hadi dakika 2, kisha hukoma ghafla. Mgonjwa hubaki ameduwaa, akisubiri pigo la pili. Baada ya wiki kadhaa za hali hiyo anaogopa kunawa uso asubuhi. Anaogopa kutafuna, kupiga mswaki, kuongea kwa sauti. Kanisani haimbi tena. Anakonda kwa sababu kula kumekuwa adhabu.

Kwa kuwa maumivu yanasikika kwenye taya, mwenyewe na ndugu zake husema ni jino. Na dawa ya jino, kwa watu wengi, ni kung'oa. Linang'olewa la kwanza, maumivu yanabaki. Linafuata la jirani yake. Kosa hili si la vijijini wala si la leo. Mwaka 1677 John Locke, mwanafalsafa wa Kiingereza aliyekuwa pia daktari, aliitwa Paris kumtibu mke wa balozi wa Uingereza. Mama huyo alikuwa na maumivu ya uso ya namna hiihii, na alikuwa ameshang'olewa meno bila kupata nafuu.

Inawezekanaje sehemu iondolewe na maumivu yake yabaki? Katika sura hii ninataka kuonyesha kwamba maumivu hayo hayakuwa ndani ya jino tangu mwanzo. Yako kwenye neva ya uso, na kinachoyafanya yawe sugu, kwa kiasi kikubwa, ni seli ambazo kwa zaidi ya miaka 100 sayansi haikuzihesabu katika habari za maumivu hata kidogo. Zinaitwa seli za glia. Atakayezielewa ataona kwa nini mgonjwa asemaye "bado naumwa", ilhali daktari haoni kidonda, anasema kweli tupu.

Neva ya tano

Uso una neva kuu mbili kila upande, na mara nyingi watu huzichanganya. Neva ya saba ya kichwa ndiyo inayotikisa misuli: hutuwezesha kutabasamu, kufumba macho, kupuliza moto. Ikilemaa, mdomo huenda upande. Neva ya tano, iitwayo trijemini, ndiyo inayohisi. Ina matawi matatu. La kwanza huhudumia paji la uso na jicho, la pili shavu, pua na meno ya juu, la tatu taya ya chini na meno yake. Maumivu tunayoyazungumzia hapa ni ya neva hii ya tano.

Matawi yote matatu hukutana ndani ya fuvu, mbele kidogo ya sikio, kwenye kifundo kiitwacho ganglioni ya trijemini. Hapo ndipo ilipo miili ya nyuroni, yaani seli zinazobeba taarifa za mguso, joto, baridi na maumivu ya uso mzima wa upande huo. Kutoka kwenye ganglioni, nyuzi huingia kwenye shina la ubongo, na zile za maumivu hushuka hadi karibu na shingo kabla ya kukabidhi taarifa kwa nyuroni za ngazi ya pili. Jino ni mwisho mmoja tu wa waya mrefu. Waya ukiharibika katikati au kwenye kituo chake, ubongo utasema "jino linauma" hata kama jino ni zima, na hata kama halipo.

Seli zilizodharauliwa

Mwishoni mwa miaka ya 1880 alifika Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kijana aliyeitwa Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe nchini Algeria, kisha akasomea udaktari Malta. Alitibu watu wa mwambao na wa nyanda hizi hadi alipofariki mwaka 1956, na hospitali ya Jimbo Katoliki mjini Sumbawanga ina jina lake. Maisha yake ya kazi ni kipimo kizuri cha namna elimu ya neva ilivyokua, kwa sababu karibu kila kitu tunachokijua leo kuhusu seli za glia kilipatikana ndani ya miaka hiyo au baada yake.

Kabla yake, katika miaka ya 1850, Rudolf Virchow wa Ujerumani alikuwa ameeleza kuwa kati ya nyuroni kuna kitu kingine, akakichukulia kuwa ni cha kuzishikilia tu zisiachane. Mwaka 1873 Camillo Golgi wa Italia alipata njia ya kuzitia rangi seli za ubongo zikaonekana moja moja. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania akaitumia njia hiyo kuonyesha kuwa nyuroni ni seli zinazojitegemea, na wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Mwanafunzi wa shule ya Cajal, Pío del Río Hortega, ndiye aliyezitambua maikroglia mwaka 1919. Atiman alikuwa ameshatibu miaka 30.

Hata baada ya hapo heshima yote ilikwenda kwa nyuroni, kwa sababu nyuroni hutoa umeme unaopimika, na seli za glia hazitoi. Hesabu iliyofanywa mwaka 2009 na Suzana Herculano-Houzel na wenzake wa Brazil ilionyesha kuwa ubongo wa binadamu una nyuroni zipatazo bilioni 86, na seli zisizo nyuroni kwa idadi inayokaribiana nayo. Nusu nzima ya seli za ubongo ilikuwa imewekwa pembeni.

Kwa habari ya maumivu ya uso, tunahitaji kuzijua aina tano. Seli za Schwann huzizungushia nyuzi za neva mafuta yaitwayo mayelini, nje ya ubongo. Oligodendrositi hufanya kazi hiyohiyo ndani ya ubongo. Seli za satelaiti huizunguka miili ya nyuroni ndani ya ganglioni. Astrositi husafisha na kulisha mazingira ya nyuroni ndani ya ubongo. Maikroglia ni askari wa kinga wa ubongo: huzunguka, hupapasa, humeza mabaki na vimelea.

Pale waya unapobadilisha ganda

Aina inayojulikana zaidi ya maumivu haya, ile ya shoti za sekunde chache, huwapata zaidi watu waliovuka miaka 50, wanawake kuliko wanaume. Kwa wengi wao chanzo ni mshipa wa damu unaoigandamiza neva karibu kabisa na shina la ubongo. Kila moyo unapodunda, mshipa unaisugua neva.

Mahali pa msuguano huo pana maana. Milimita chache kutoka kwenye shina la ubongo, mayelini ya seli za Schwann huishia, ile ya oligodendrositi huanza. Ni sehemu dhaifu. Ikisuguliwa kwa miaka, mayelini huchubuka, nyuzi zilizokuwa zimetenganishwa zikagusana, na taarifa ya mguso mwepesi ikarukia kwenye uzi wa maumivu. Ndiyo sababu upepo, maji au kidole tu vinaamsha shoti. Hata hapa, ukitazama vizuri, kilichochubuka ni kazi ya glia.

Ndani ya ganglioni

Tuingie sasa kwenye ganglioni, ambako mambo ni mazito zaidi. Kila mwili wa nyuroni humo umefunikwa pande zote na seli za satelaiti. Nafasi iliyopo kati yao ni ndogo mno, kama sehemu 1 ya 50,000 ya milimita. Hakuna kinachoingia wala kutoka bila kupita mikononi mwa seli hizo.

Moja ya kazi zao ni kuondoa potasiamu. Nyuroni inapotoa umeme, huachia potasiamu nje ya utando wake. Ikibaki pale, nyuroni huwa nyepesi kusisimka tena. Kwa hiyo seli za satelaiti huifyonza kupitia milango maalumu, mmojawapo ukiitwa Kir4.1, na kuisambaza mbali. Neva ikijeruhiwa, kwa mfano taya ikivunjika kwenye ajali ya bodaboda au uzi wa neva ukikatwa wakati wa kung'oa jino, milango hii hupungua. Potasiamu hujaa kwenye nafasi ile finyu, na nyuroni huanza kutoa taarifa za maumivu kwa kichocheo kidogo sana.

Mwaka 2008 Jean-Philippe Vit na wenzake nchini Marekani walifanya jaribio ambalo kwangu ndilo ushahidi mkubwa kuliko wote. Hawakuijeruhi neva ya panya. Walichofanya ni kupunguza utengenezaji wa Kir4.1 katika seli za satelaiti za ganglioni ya trijemini. Panya wale walianza kuonyesha dalili za maumivu ya uso. Neva ilikuwa nzima, ngozi nzima, meno mazima. Seli za glia peke yake, zilipoacha kazi yake moja, zilitosha kuleta maumivu.

Kuna jambo la pili. Seli za satelaiti zinazohudumia nyuroni tofauti zimeunganishwa na vijia vidogo ambamo kemikali hupita. Katika hali ya kawaida vijia hivyo ni vichache. Baada ya jeraha au uvimbe huongezeka, na msisimko wa nyuroni ya taya ya chini huweza kusambaa, kupitia glia, hadi kwa nyuroni za shavu ambazo hazikuguswa. Kikundi cha Koichi Iwata, cha Chuo Kikuu cha Nihon nchini Japani, kimefuatilia kwa miaka mingi namna jeraha la neva ya taya linavyoleta maumivu mbali na lilipotokea, na namna seli za satelaiti zinavyohusika. Mgonjwa anaposema maumivu yalianza kwenye jino moja, sasa yamepanda hadi karibu na jicho, msikilizaji asiyejua biolojia hii humwona anatunga. Ganglioni inasema hatungi.

Ndani ya shina la ubongo

Taarifa zinazotoka kwenye ganglioni iliyosisimka hufika kwenye shina la ubongo kwa wingi usio wa kawaida. Hapo maikroglia huamka. Ndani ya saa na siku chache hubadilika umbo, huongezeka, huanza kumwaga kemikali za uvimbe.

Mnamo 2003, Makoto Tsuda, Kazuhide Inoue wa Japani na Michael Salter wa Kanada walionyesha kwamba baada ya neva kujeruhiwa, maikroglia katika uti wa mgongo wa panya hujipatia vipokezi vipya vinavyonasa ATP, kemikali ambayo seli zote huitumia kubeba nishati na ambayo humwagika seli ikiumia. Vipokezi hivyo vikizuiwa, maumivu hushuka. Miaka 2 baadaye, 2005, ikajulikana kinachofuata. Maikroglia iliyopokea ATP humwaga protini iitwayo BDNF, na protini hiyo huvuruga kiasi cha kloridi ndani ya nyuroni za maumivu. Matokeo yake ni ya kustaajabisha: ishara ya GABA, ambayo kazi yake ni kutuliza, hupoteza nguvu ya kutuliza, na mara nyingine husisimua. Breki zinakuwa zimegeuka. Mguso wa shuka usoni, ambao ungepita bila kujaliwa, unaingia kwenye njia ya maumivu.

Astrositi huamka nyuma ya maikroglia na hukaa macho muda mrefu zaidi, wiki na miezi. Kazi mojawapo ya astrositi ni kufyonza glutamati, kemikali kuu ya kusisimua. Zikizembea, glutamati hurundikana na nyuroni hazipumziki. Kwa hiyo maikroglia huonekana kuyaanzisha maumivu sugu, na astrositi huyaendeleza.

Je, haya ni ya panya tu? Mwaka 2015 Marco Loggia na wenzake wa Massachusetts General Hospital, Boston, walipiga picha za PET za ubongo wa watu wenye maumivu sugu ya mgongo, wakitumia dawa inayong'ang'ania seli za glia zilizoamka. Wagonjwa walionyesha alama kubwa kuliko watu wazima wa afya, hasa kwenye thalamasi, kituo ambacho taarifa za maumivu hupitia. Tafiti za neva zenyewe zimefanywa zaidi kwa wanyama, lakini picha hizo zimeonyesha kwamba glia iliyoamka ni jambo la binadamu pia.

Moto unaojivutia hewa

Swali gumu ni hili: jeraha limepona, kwa nini glia haitulii? Ufipa ina mfano wake wa kulijibu. Nkasi na Sumbawanga bado kuna mabaki ya malungu, matanuri marefu ya udongo ambamo Wafipa waliyeyushia chuma hadi karne ya 20, na ambayo Profesa Bertram Mapunda wa akiolojia ameyachunguza kwa miaka mingi. Tanuri moja lilifika urefu wa mita 3 hivi. Kwa kuyeyusha, halikutumia mivukuto. Chini lilizungukwa na matundu ya hewa. Mafundi walipanga mkaa na mawe ya chuma, wakawasha. Joto lilipanda, likavuta hewa mpya kwa chini, hewa ikauchochea moto, moto ukavuta hewa zaidi. Aliyewasha angeweza kuondoka.

Maumivu sugu hujiendesha hivyo. Nyuroni iliyosisimka humwaga ATP, ATP huamsha maikroglia, maikroglia humwaga kemikali za uvimbe na BDNF, kemikali hizo huisisimua nyuroni, nayo humwaga ATP zaidi. Aliyewasha, yaani jeraha, jipu la jino au virusi, ameshaondoka zamani. Kuling'oa jino baada ya hapo ni kumtafuta mwashaji wakati tanuri linawaka lenyewe.

Hapa ndipo pia panapohitaji utulivu wa akili. Maumivu yasiyo na kidonda huwafanya watu watafute aliyeyasababisha. Katika miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Roy Willis aliishi na Wafipa na kuandika kuhusu Kamchape, harakati ya kuwasaka waliotuhumiwa kwa uchawi iliyopita katika nyanda hizi. Sehemu nyingi za dunia zimewahi kuwa na harakati za namna hiyo, na mara nyingi aliyetuhumiwa ni bibi wa jirani asiye na mtetezi. Biolojia ya glia inatupa maelezo kamili ya maumivu yasiyoonekana, kutoka jeraha la kwanza hadi usiku wa leo, na ndani yake hakuna jirani aliyefanya lolote.

Mkanda wa jeshi usoni

Nchini Tanzania kuna mlango mwingine mkubwa wa maumivu haya: mkanda wa jeshi. Aliyewahi kuugua tetekuwanga hubaki na virusi vyake maisha yote, vimelala ndani ya nyuroni za ganglioni. Kinga ikishuka, kwa uzee au kwa maambukizi ya VVU, virusi huamka na kushuka kupitia neva hadi kwenye ngozi. Vikiwa kwenye ganglioni ya trijemini, malengelenge hutokea usoni, upande mmoja, mara nyingi kwenye tawi la kwanza, kuanzia paji la uso hadi jicho. Katika miaka ya 1980 madaktari wa Afrika Mashariki na Kati walijifunza kuwa mkanda wa jeshi kwa kijana ni sababu tosha ya kupima VVU, na ushauri huo ungali sahihi.

Malengelenge hukauka ndani ya wiki chache. Kwa baadhi ya watu, hasa wazee, maumivu hayaondoki. Haya si ya shoti peke yake. Ni ya kuungua mfululizo, na ngozi haitaki kuguswa na mto wala kanga. Glia imo ndani ya habari hii tangu mwanzo. Mwaka 2008 watafiti wa maabara ya Ann Arvin, Chuo Kikuu cha Stanford, walitumia panya waliopandikizwa ganglioni za binadamu. Walikuta kuwa virusi haviishii kwenye nyuroni. Huingia pia kwenye seli za satelaiti zinazoizunguka, na hata kuziunganisha nyuroni na seli hizo kuwa kitu kimoja. Mhudumu na mhudumiwa huharibiwa pamoja, ndiyo maana uharibifu huo ni mgumu kurekebika.

Kwa hiyo muda ni kila kitu. Asikloviri hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 72 tangu malengelenge kutokea. Lengelenge likionekana kwenye ncha ya pua, jicho liko hatarini na mgonjwa aende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Anayepaka majani na kusubiri wiki mbili amezipoteza saa ambazo hazirudi.

Dawa ya kifafa kwa maumivu ya uso

Mwaka 1942 daktari wa Ufaransa, Bergouignan, alijaribu dawa ya kifafa kwa maumivu ya trijemini na kuona nafuu. Mwaka 1953 Walter Schindler, mkemia wa kampuni ya Geigy huko Basel, alitengeneza karbamazepini, na mwaka 1962 Blom wa Sweden akaripoti kuwa inazuia shoti za uso. Hiyo ilikuwa miaka 6 baada ya kifo cha Atiman. Wagonjwa wake wote wa ugonjwa huu aliwatibu bila dawa iliyo bora zaidi kwao. Leo karbamazepini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, si ghali, na hutumika nchini kwa wagonjwa wa kifafa.

Faida hiyo ina ugumu wake. Mgonjwa akipewa karbamazepini na kusikia mtaani kuwa ni dawa ya kifafa, anaweza kuiacha kwa hofu au kwa aibu. Mtoa huduma amweleze mapema: mama, wewe huna kifafa, dawa hii inatuliza nyuroni zinazotoa umeme ovyo, na ndizo zinazokusumbua usoni. Aelezwe pia kuwa inaanzwa kwa kiasi kidogo na kupandishwa taratibu, kwamba kizunguzungu na usingizi ni vya kawaida mwanzoni, na kwamba vipele vikitokea arudi mara moja. Anayetumia ARV amwambie daktari, kwa sababu karbamazepini hupunguza nguvu ya dolutegraviri, na kipimo kinapaswa kurekebishwa. Hupunguza pia nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Kwa maumivu ya kuungua baada ya mkanda wa jeshi, amitriptilini kwa kiasi kidogo usiku husaidia wengi zaidi.

Dawa zikishindwa, upo upasuaji. Peter Jannetta wa Marekani aliuendeleza kuanzia miaka ya 1960: daktari hufungua nyuma ya sikio, huutenga mshipa wa damu na neva, na kuweka kipande cha Teflon kati yao. Upasuaji wa ubongo nchini hufanyika katika taasisi kubwa kama MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Sumbawanga. Kwa mkulima wa Ufipa, rufaa ya mbali kiasi hicho ni gharama ya mavuno.

Kuhusu dawa za kuituliza glia yenyewe, ukweli lazima usemwe. Minosiklini, kiuavijasumu kinachozituliza maikroglia, huzuia maumivu kwa panya ikitolewa mapema. Ikichelewa, haifui dafu. Propentofilini, iliyofanya vizuri kwa wanyama, ilishindwa kwa wagonjwa wa maumivu ya baada ya mkanda wa jeshi. Sababu moja ni kwamba glia hailetwi na ugonjwa. Ni sehemu ya mwili, na kuizima yote ni kuiacha nyuroni bila matunzo. Sababu nyingine ilijitokeza mwaka 2015, pale watafiti wa Kanada na Marekani walipoonyesha kuwa maikroglia huendesha maumivu kwa panya dume, ilhali kwa majike kazi hiyo hufanywa zaidi na seli za kinga aina ya T. Wagonjwa wengi wa trijemini ni wanawake, na kwa miongo mingi tafiti za maumivu zilitumia madume. Dawa itakayowafaa mama zetu lazima ijaribiwe kwa majike pia.

Maswali matatu kabla ya koleo

Pamoja na mapungufu hayo, elimu ya glia imeshatupa jambo la kutumia sasa. Mzunguko wa maumivu hukomaa kwa muda: maikroglia kwanza, astrositi baadaye. Kila jeraha jipya kwenye taya, likiwamo la kung'oa jino zima, ni jeraha jingine la neva iliyokwishasisimka. Kwa hiyo kuacha kung'oa, pale pasipostahili, ni tiba.

Mtoa huduma wa zahanati hahitaji mashine ili kutofautisha. La kwanza aulize: je, maumivu huja kwa shoti za ghafla na kukoma, au yanauma mfululizo usiku na mchana? Jino bovu huuma kwa saa nyingi na huchokozwa na kitu cha moto, cha baridi au kitamu; neva hupiga na kuacha. La pili: je, upepo, kunawa au mguso mwepesi wa shavu huyaamsha? Jino halijali upepo wa shavuni. La tatu: je, uliwahi kuugua mkanda wa jeshi upande huo, kuumia uso, au kung'olewa jino maumivu yakabaki, na kuna sehemu iliyokufa ganzi? Mgonjwa mwenye umri chini ya miaka 40, mwenye maumivu pande zote mbili, au mwenye ganzi, apewe rufaa, kwani huenda kuna uvimbe au ugonjwa mwingine wa ubongo.

Maswali haya matatu yanaenea kwenye karatasi moja. Yabandikwe ukutani katika kila chumba cha meno, kuanzia Laela hadi Namanyere, Matai hadi Kirando, na yaulizwe kabla koleo halijashikwa.